Ufunguo wa C Haumo

3 Machi

Baba, shikamoo.

Natumaini mgongo umetulia na karakana ya magitaa bado inakupa shughuli. Mimi mzima, hotelini tunapiga kila Ijumaa na Jumamosi. Nina ombi dogo. Ule wimbo uliomtungia mama, ninaouimba kwa ufunguo wa G, mpiga gitaa wetu mpya anataka tuushushe hadi F. Niandikie kordi zake, mwalimu ni wewe.

Mwanao, Chiriku

14 Machi

Chiriku wangu, marahaba.

Mgongo ni ule ule, tumeshazoeana. Kuhamisha wimbo ni kama kuhama nyumba: vyombo ni vile vile na mpangilio ni ule ule, mtaa tu ndio mwingine. Palipokuwa na G weka F. C iwe B-flati, D iwe C, na ile E maina ya kilio iwe D maina. Huyo mpiga gitaa namshangaa, maana F inachosha kidole. Mwambie simjui lakini namwona.

Baba yako

22 Aprili

Baba, shikamoo.

Samahani kukusumbua tena. Jamaa amebadili mawazo, sasa anataka tushuke tena, hadi E-flati. Mimi sijambo, ni vumbi tu la huku linanikwaruza koo. Usijisumbue kwa maneno mengi, kordi zinatosha.

Mwanao, Chiriku

30 Aprili

Mwanangu, marahaba.

E-flati, A-flati, B-flati, na C maina. Kordi ndizo hizo. Sasa maneno, ingawa umeyakataa. Miaka arobaini natengeneza gitaa na kulipiga, sijaona mpigaji anayeomba E-flati kwa hiari yake. Vidole haviombi hivyo. Linaloomba hivyo ni koo. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Kuna nini?

Baba yako

19 Julai

Baba, shikamoo.

Barua yako ya Aprili na zile mbili ulizotuma baadaye nimezipata, nikazificha chini ya godoro kana kwamba zenyewe ndizo zenye kosa. Hakuna mpiga gitaa mpya. Kuna uvimbe kwenye nyuzi za sauti. Daktari atanipasua tarehe mbili, na hakuniahidi kwamba sauti itarudi. Hotelini wameshachukua mwimbaji mwingine. Naogopa, baba. Tangu utotoni sijui kazi nyingine.

Mwanao

26 Julai

Mwanangu, pole sana.

Barua yako niliimalizia nimekaa chini. Ulianza kuuimba wimbo ule una miaka kumi. Kila ulipotimiza mwaka niliupandisha nusu toni, ili wageni sebuleni wakupigie makofi, mpaka tukafika G. Mama yako, Mungu amrehemu, aliniambia mtoto anakaza shingo. Nikamjibu kwamba yeye hajui muziki. Naona aibu kuliandika hili, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Humu kwenye bahasha nimekuandikia wimbo kwa kila ufunguo. Ukipona, fungua mdomo bila kulazimisha. Popote sauti itakapotua, karatasi yake ipo.

Baba yako

30 Agosti

Baba, shikamoo.

Wiki tatu nimezungumza kwa daftari, hata mwenye duka la hapa chini amezoea mwandiko wangu. Daktari anasema uvimbe huu huwapata hata wasioimba. Sijui kama ni kweli au ananihurumia, lakini nakuletea kama alivyosema.

Jana nilijaribu. Sauti imetoka nzito, ina mikwaruzo, sikuitambua. Nilizipanga karatasi zako kitandani nikajaribu moja baada ya nyingine, hakuna iliyonikaa. Nikaziacha, nikaimba tu, sauti ikatua C. Ndipo nikahesabu: funguo ni kumi na mbili, karatasi kumi na moja. Umeisahau C, baba, na mimi sina pengine pa kwenda.

Mwanao, Chiriku wa zamani

5 Septemba

Chiriku, marahaba.

Sikuisahau. C ndipo nilipoutungia wimbo, ni ufunguo wa koo langu. Kwa ufunguo huo sijawahi kuuandika popote, uko vidoleni tu, na sikudhani kama ungekuja kuuhitaji. Sasa vidole haviingii kwenye bahasha. Karakana nimeifunga, gitaa nimelitia nyuzi mpya, basi langu ni la Alhamisi asubuhi. Anza wewe, mimi nitafuata. Safari hii sipandishi.

Baba yako