Kitenge Chako cha Bluu Alichovaa Tomi

Ifakara, Juni 1996

Mke wangu Fransiska,

Nakuandikia nikiwa na aibu. Tafadhali uniwie radhi hata kabla hujalijua kosa lenyewe.

Tangu tulipokuzika, mbwa wako Tomi ameanza kuinua mguu ndani ya nyumba. Unakumbuka alivyokuwa mstaarabu. Miezi yote ya ugonjwa wako alilala chini ya kitanda chako, na akibanwa alikwaruza mlango nimfungulie. Sasa hukojoa kidogo hapa, kidogo pale: mguu wa kitanda chako, kiti chako, na baada ya mavuno, magunia ya mpunga niliyoyapanga sebuleni. Nilimpiga; naomba radhi kwa hilo pia. Majirani wananicheka: "Mwalimu, siku hizi mgeni wako ana mkia!" Lakini ulipokuwa hospitalini uliniomba, "Tomi asilale nje," nami nikakuahidi.

Bwana mifugo alinieleza kwamba mbwa dume huweka alama namna hiyo mambo ya nyumbani yanapobadilika, na kwamba kipigo humzidishia hofu tu. Alinishauri nimfunge mkanda mpana wa kitambaa kuzunguka tumbo, ufunike mahali pa mkojo, ndani yake niweke pamba. Nikimtoa nje niufungue. Ukilowa niubadilishe upesi asipate vidonda. Nilihitaji kitambaa laini. Nikafungua sanduku lako.

Fransiska, nilikata kitenge chako cha bluu. Nguo zako zilikuwa hazijagawiwa. Ndugu walikuwa bado hawajakutana. Desturi hiyo naijua vizuri, na bado nilishika mkasi. Nilijiambia ni pindo tu.

Siku ya kugawa nguo alifika mdogo wako Anastazia kutoka Kiberege. Alikitafuta kitenge kile, maana mlinunua sare kwa ajili ya Pasaka. Tomi akatoka chini ya kitanda akiwa amekivaa.

"Shemeji," alisema polepole, "nguo ya dada yangu ndiyo nepi ya mbwa?"

Hakuonja wali, hakuchukua hata leso. Alipofika mlangoni akasema, "Siku mbwa huyo akitoka humu ndani, nitarudi." Akitembea, ukimtazama kwa nyuma, ni wewe kabisa. Hatukujaliwa mtoto, yeye peke yake ndiye aliyebaki na sauti yako.

Kipande kilichosalia nilikifua, nikakipiga pasi, nikampelekea kwa mkono wa dereva wa basi. Kilirudi bila salamu.

Na mkanda wenyewe haujamponya Tomi. Unayakinga magunia, basi. Nikiufungua tu, huenda kwenye mguu wa kitanda chako, hunusa kwa muda mrefu kana kwamba anatafuta kitu, kisha huinua mguu. Bwana mifugo amesema wengine huacha wenyewe. Sitarajii.

Mara mbili nimemtoa nje kwa ajili ya Anastazia, nikafunga mlango. Alikwaruza. Mara mbili nimemfungulia.

Basi pumzika, mke wangu, wala usinisubiri kwa habari njema. Nakuahidi haya mawili tu: Tomi hatalala nje, na nguo yako haitakatwa tena. Leo nimekata shati langu jeupe la kanisani. Limetoa mikanda minne.

Mumeo,
Aloisi