Picha ya Ukuta wa Mama

Jumatatu, 3 Februari
Nimefungua saiba, duka langu la intaneti, mapema. Stima ipo. Kabla wateja wa hapa Mamboleo hawajaanza kuingia nimemaliza picha ya leo: mizunguko ya kijani, kila mmoja umebeba mingine midogo mgongoni. Nimeiweka kwenye kikundi chetu cha mtandaoni cha watu wa fraktali. Mmoja wa Nakuru ameomba fomula. Nimempa.

Kisha nimeituma kwa Mama, kijijini Katito, kama kila asubuhi. Ndugu yangu Omondi, anayekaa naye, humshikia simu. Niliwahi kumweleza Mama kwamba fraktali ni umbo linalojirudia ndani yake: ukilisogelea unakuta jingine, na ndani ya hilo jingine tena. Akasema basi ni kama ukoo. Sijatafuta maelezo mengine tangu siku hiyo.

Leo amejibu kwa sauti: "Ber, Akoth. Ni nzuri. Lakini simu ni ndogo. Nitengenezee kubwa ya ukuta, nione vizuri."

Alhamisi, 6 Februari
Nimeanza ya Mama. Buluu inayoyeyukia kwenye dhahabu. Kompyuta inakokotoa polepole, feni yake inalia hadi wateja wanauliza kama ni nzima. Juma, mwenye mashine ya kuchapa mabango mjini, amesema nimpelekee faili siku yoyote, atachapa kwenye kanvasi siku hiyo hiyo. Nina furaha. Basi.

Jumapili, 9 Februari
Katito. Mama alimimina chai nje ya kikombe. Omondi akapangusa meza.

Tulipotoka nje ndipo Omondi akaniambia. Presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia linashikiliwa na dawa tu, na daktari hajaahidi kitu. Hawakutaka kunisumbua. Nilikasirika. Niliogopa zaidi.

Nikarudi ndani nikamwonyesha Mama picha ya buluu kwenye laptop. Aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Alikaa hivyo kitambo.

"Hii imetosha," akasema. "Chapisha."

Nikamwambia bado kona moja.

Ijumaa, 14 Februari
Kona ya chini ina chenga, vidoti vidogo vya rangi. Nimeongeza hatua za kukokotoa, nimepandisha ukubwa. Chenga zimepungua, hazijaisha. Kikundini wote wanasema picha iko sawa. Hawaoni ninachokiona. Mama atasimama karibu sana na hii picha, karibu kuliko mtu yeyote. Lazima akute kazi safi.

Juma amepiga. "Dada, hiyo faili iko wapi?" Wiki ijayo, nimemwambia.

Jumatano, 19 Februari
Stima imepotea katikati ya kazi. Marekebisho yote yamekwenda. Ningeweza kuchukua ile niliyomwonyesha Mama Jumapili, ninayo. Nimeanza upya.

Jumanne, 25 Februari
Imekwisha. Kona ni safi kabisa. Nimekuza, nikakuza tena, kila mahali kuna kitu cha kuona. Nilijiona mtu mkubwa leo. Juma amechapa nikiwa nimesimama pale pale. Imetoka ndefu kama mlango.

Nimempigia Omondi kwamba naileta kesho. "Njoo tu," akasema.

Jumatano, 26 Februari
Nilipoingia Mama aligeukia mlio wa karatasi niliyofungia picha. Hakunigeukia mimi.

Tangu Jumamosi. Jicho la kulia sasa linaona mwanga wa mlangoni na basi. Omondi alitaka kunipigia, Mama akamkataza. Alisema niachwe nimalize kazi yangu.

Nikaikunjua. Omondi akashika upande mmoja. Mama akanyoosha mkono, akapitisha kiganja juu ya kanvasi polepole, ukingo hadi ukingo. Hakuna kitu pale cha kugusa. Buluu, dhahabu, ile kona, vyote ni laini sawasawa.

"Ni kubwa," akasema. Kisha: "Erokamano, nyathina."

Ameshukuru, akaniita mwanawe. Heri angenigombeza.

Tumeitundika ukuta unaotazama mlango. Omondi alipigilia misumari. Mimi nilishika picha.

Jumamosi, 8 Machi
Sijatengeneza kitu. Kikundini wameuliza kama ninaumwa. Sijajibu.

Nilimpeleka Mama mwenyewe kwa daktari mwingine hapa mjini. Amesema kilichokwenda hakirudi.

Leo nimefungua ile faili aliyoiona Mama, nikaiweka kando ya iliyochapwa. Nimekaa mbali, kama mgeni anayeketi kwenye kiti cha sebuleni kwa Mama. Nimetafuta tofauti. Hakuna. Mpaka uikuze, ndipo uone. Na ukutani hakuna wa kukuza.

Alisema imetosha. Nilimsikia vizuri. Ninajuta, sina neno lingine.

Jumapili, 23 Machi
Katito. Baada ya kanisa alikuja Mama Zainabu, jirani mwenye duka la vitambaa, kumjulia Mama hali. Mama akanyoosha kidole ukutani. Kilielekea pembeni kidogo ya picha.

"Hiyo ni Akoth alichora."

Kisha akaanza kumweleza. Huku kuna mafunjo. Kule nyuma moshi unapanda kwenye boma la watu. Na hapa katikati wanawake wanatoka ziwani, ndoo kichwani, wamefuatana.

Hakuna hata kimoja. Ni buluu na dhahabu tu. Mama Zainabu aliitazama picha, akanitazama mimi.

"Nawaona," akasema Mama Zainabu. "Na huyu wa mbele ni nani?"

Mama akamtaja dada yake mkubwa, aliyefariki nikiwa mdogo. Akasema ndiye aliyekuwa akitembea haraka kuliko wote. Akaendelea na wa pili, na jina lake, na alikoolewa.

Nilisogeza kiti karibu naye. Nikatazama pale kidole chake kilipoelekea.