Saa za Ndege Hadi Buyenzi

Montreal, Jumatatu jioni

Kwako Baba yangu,

Assalaam alaykum. Nakuamkia kwa heshima, wewe na Mama. Kifua kinasemaje? Mjomba Hamisi alinipigia simu toka dukani, akasema unakohoa mpaka majirani wanaamka, lakini bado unagombana na mafundi wa garaje juu ya karbureta. Nikacheka, nikajua baba yangu yupo. Mi mzima, ila baridi imenipasua vidole. Hata chuma cha gari kinanata mkononi.

Halafu Mjomba akaniambia neno lililonikosesha usingizi. Eti umewausia watu wa nyumbani: ukifa alfajiri, usizikwe mpaka Saidi afike, maana atafika kabla ya alasiri. Lo, Baba! Nani kakuambia ndege inakimbia hivyo?

Kumbe ni maneno yangu mwenyewe. Siku niliyofika huku nilikwambia kwenye simu: Bruseli nimepanda watu wanangoja adhuhuri, Montreal nimeshuka adhuhuri haijatoka. Nawe ukahesabu kwa swala, kama unavyohesabu safari zako zote. Ukasema, "Aa, apana mbali, mutoto wangu. Ni kama kuvuka mpaka kwenda Uvira tu."

Baba, jua tulikuwa tunakwenda nalo upande mmoja. Tulikaa kitini masaa karibu manane na mchana ukakataa kusogea. Kurudi ni kinyume, jua tunapishana nalo. Unaondoka huku jioni, usiku unakatika upesi, unafika Bruseli asubuhi umechoka. Hapo ungoje ndege ya Nairobi, na Nairobi ungoje ya kuja huko kwetu Bujumbura, ambayo haiji kila siku. Risasi zikilia upande wa Carama, karibu na uwanja wa ndege, haitui kabisa. Ukibahatika ni siku mbili. Sasa siku mbili, na joto la Buyenzi, baba yangu alale sebuleni ananingoja mimi?

Apana. Babu alipofariki hukumngoja hata kaka yako, naye alikuwa Rumonge tu. Watu walinung'unika, ukawajibu kwamba maiti haicheleweshwi, ina haki yake. Leo wewe huyo huyo, usiyemngoja mtu, unataka kuningoja mimi. Hilo ndilo lililoniliza, Baba. Nililia nikiwa chini ya gari la watu, mafuta yananidondokea usoni.

Basi nikamwomba bosi ruhusa. Kakataa. Nikamwambia abaki na kazi yake, kazi nitatafuta nyingine. Tiketi ninayo. Barua hii anakuletea Mama Zuena, jirani yangu wa huku, anayeondoka kesho kuwaona wazazi wake Bwiza. Nami nafuata Ijumaa ya pili, Inshallah.

Kwa hiyo wausie upya, na Mama asikie: mazishi yasiningoje. Wewe ndiye uningoje. Kunywa dawa, hata zikiwa chungu, na acha kubishana na watu vumbini.

Nisalimie Mama, mwambie asilie, nakuja kula ugali wake. Nisalimie Shangazi anayekaanga samaki wa Kajaga, na fundi Rajabu, mwenzio wa garaje, na yule jirani yetu Mkongomani anayeuza vitenge Gatumba mpakani. Mungu amvushe salama kila siku.

Na ile karbureta, Baba, usiwape hao mafundi. Ifunike, iache mezani. Tutaifungua mimi na wewe.

Mwanao,
Saidi