Kiduara cha Kitinda

Jumatatu, 3 Machi

Tumefika hotelini. Mgongo hoi! Mapazia ya ukumbi wa mikutano nitaanza kuyapima kesho. Cherehani nimeikumbatia safari nzima kama mtoto mchanga. Mume wangu naye amekuja "kunisindikiza". Tangu astaafu ulinzi wa benki hajui mikono yake aiweke wapi.

Chumba si kibaya. Kitanda kikubwa, dirisha linatazama ukuta. Mtu mwingine angefungua sanduku atoe mashati. Yeye ametoa kile kidude chake cha filamu, akakichomeka nyuma ya tivii hata viatu hajavua! Mzee, si upumzike kwanza? Eti atapumzika akishaona kinafanya kazi.

Hakijafanya kazi. Waifai ya hoteli kinaiona, kinajiunga, halafu kinasema hakuna intaneti. Simu yangu imeingia bila matata — ukurasa umefunguka, nimejaza namba ya chumba na jina, basi. Kidude kimegoma. Amekizima, amekiwasha, amekizima tena, jasho linamtoka. Nikamuuliza, kwani hizo filamu zitakimbia? Amenuna mpaka sasa.

Na jambo jingine, maana ni hapa tu ninapoweza kulisema: simu ya Kitinda bado haipatikani. Tangu siku aliyoacha chuo cha uhasibu, baba yake akamwambia ukivuka mlango huu usirudi. Akavuka. Kitindamimba wangu! Hata kaka zake hawajui aliko. Nyumbani hatumtaji. Sijui kama ni mzima.

Jumanne, 4 Machi

Dada wa mapokezi ana subira, Mungu ambariki. Amenieleza: kidude hakina pa kufungulia ule ukurasa wa kujaza jina, kwa hiyo mtandao unakiona ni mgeni asiyejiandikisha. Nimletee namba yake, ile ndefu iliyo kwenye mipangilio, atakisajili mwenyewe akiwa pale pale mezani.

Mume wangu akaruka. Namba ya kifaa haitolewi ovyo! Bwana wee, huyu si jambazi, ni dada wa mapokezi. Akaninong'oneza kwamba majambazi wote huvaa vizuri. Nikamngoja aingie kuoga, nikaipiga picha ile namba, nikashuka nayo.

Niliporudi, kimeshika! Vikaja viduara vitatu, kila kimoja na jina la mwenye kukitumia: Baba, Mama, Kitinda. Nyumbani rimoti ni ya mume wangu, mimi tivii yangu ni cherehani, sijazoea hayo mambo. Natafuta changu, kidole kikateleza, nikabonyeza cha Kitinda.

Mungu wangu.

"Endelea kutazama." Mashindano ya wajenzi wa nyumba, kipande cha pili, kimeachwa katikati. Na pale chini imeandikwa yameanza kuonyeshwa wiki iliyopita tu! Nani mwingine? Baba yake hatazami ila filamu za wapelelezi. Ni yeye, huko aliko bado anatumia akaunti yetu. Yuko mahali, ana chaji, ana nafasi ya kukaa chini atazame watu wakipandisha ukuta. Mwanangu ni mzima!

Nimekaa sakafuni nikalia kwa furaha, nikajifuta kwa pazia la hoteli (baya, limeshonwa na mtu mwenye haraka zake). Mume wangu akatoka bafuni, nikamwambia vumbi limeniingia machoni. Sikumweleza. Najua angesema: kumbe kutuchukia anatuchukia, vyetu anavitaka!

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi, mume wangu akiwa amekwenda kutafuta gazeti, nimechungulia. Kipande cha tatu — amekimaliza!

Kazini nimeimba. Fundi wa reli za mapazia ameniuliza kama nimeolewa upya. Ndiyo, nikamwambia, na yule yule wa zamani. Nimekata kitambaa bila kukosea hata mara moja. Mwili mwepesi, sijui nielezeje. Kila nikikumbuka nacheka peke yangu.

Jioni. Naandika mbio, mwandiko huu sijui kama nitausoma.

Nimeingia chumbani nikamkuta amekaa kifua mbele. Amebadilisha neno la siri la akaunti yetu ya filamu! Waifai ya wageni haiaminiki, kwa hiyo ametia jipya, refu, herufi na tarakimu zimechanganywa, hata yeye amelikariri kwa shida. Ndivyo walivyokuwa wakifanya benki. Na kidude kikamuuliza, niwaondoe wote walio kwenye vifaa vingine? Akabonyeza ndiyo.

Ndiyo!

Nilipiga kelele. Nikamwaga yote. Umemtoa mtoto nje mara ya pili! Wa chumba cha pili wakagonga ukuta, nikawaambia nao wanyamaze. Nilidhani atafoka. Akajishusha kitandani taratibu, akasema anajua kuwa Kitinda anatazama. Humwona kila siku.

Kila siku! Miezi yote hii! Ndiyo maana hawezi kusafiri bila kidude. Wale wapelelezi wala hawamalizi — anawasha, anaangalia kama mtoto amesogea mbele, roho inatulia. Na mimi huku nimeshamzika mwanangu moyoni! Mbona hukuniambia? Akasema aliona haya, kwa kuwa mdomo uliomfukuza ni wake. Na leo aliogopa mwizi wa mtandaoni asije akaingia, akakifuta kile kiduara. Alikuwa anakilinda. Aliposoma "wote", akadhani ni wezi.

Nilitaka kumtandika kwa mto. Nikaishia kumshika mkono. Nina hasira naye, na nimefarijika, vyote kwa pamoja, kifua hakitoshi.

Alhamisi, 6 Machi

Amejaribu kulirudisha neno la zamani. Limekataliwa: limeshatumika, chagua jingine. Amebembeleza rimoti kama mtu anayebembeleza askari. Wapi!

Kiduara kimeganda. Kipande cha nne hakijaguswa. Mume wangu chai hakunywa. Amenifuata ukumbini, amenishikia ngazi kutwa. Nikamwambia Kitinda namba yangu anayo, akihitaji atapiga. Akauliza, na asipohitaji?

Nikampa pindo akunje.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika nimekaa juu ya robota la kitambaa, hapa hapa ukumbini. Sitaki hata nukta moja inipotee.

Simu imeita. Namba ngeni. "Shikamoo mama."

Nikaangusha mkasi. "Mama? Samahani, hivi neno la siri limebadilishwa?" Hivyo tu! Kama mtu aliyetoka mara moja kwenda dukani! Nikasema marahaba, baba. Sauti imekuwa nzito. Maswali yakanijaa mdomoni — uko wapi, unalala wapi, nani anakufulia — nikayameza yasije yakamkimbiza. Yeye anasema anataka kujua ni fundi gani ametolewa mashindanoni, maana sasa yuko na mafundi ujenzi, na kule kazini wote wanabishana.

Ujenzi! Mwanangu anajenga!

Nikamwambia mimi silijui hilo neno. Analijua baba yako peke yake.

Nikadhani amekata. Kisha akasema, haya, nipe.

Mume wangu alikuwa juu ya ngazi ameshika reli. Sijui ameshuka au ameanguka. Amejifuta mikono kwenye suruali kwanza, ndipo akaipokea simu. Hakusema nisamehe, hakusema rudi. Amesema: una kalamu? Inaanza herufi kubwa. Halafu akauliza: umekula?

Amenigeuzia mgongo sasa. Wako kwenye herufi ya tatu, na hapo wamekaa kitambo, kwa sababu Kitinda anamweleza jinsi wanavyomwaga zege. Baba yake anasema ehee, ehee, kisha?

Neno lenyewe ni refu. Nashukuru ni refu.