Kofia Kumi na Moja Zilizorudishwa

Msuka, 3 Januari 2025

Mwanangu Khairat,

Assalaam alaykum. Sie huku wazima, alhamdulillahi, jua tu limekuwa kali. Natumai nawe huko Madungu u mzima na duka lako linakwenda. Nakuandikia kwa kuwa simuni sikusikii vyema, na mengine hayapendezi kuyapigia kelele majirani wakasikia.

Nampa Rajab wa gari kofia ishirini na nne. Tumezishona kwa mkono mie, Shamima na wenzetu wa hapa mtaani. Sita zilizobaki zitakuja wiki ijayo, zitimie thelathini za harusi ya Bwana Masoud.

Jambo jengine, dogo. Macho yananisumbua. Pembeni sioni, na taa naiona imezungukwa na duara. Ukipata siku, njoo unichukue unipeleke hospitali huko kwenu Chake. Naogopa, na nataka niende nawe, siyo na mtu mwengine.

Mamako,
Mwanamize


Madungu, 19 Januari 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mie mzima, ila kazi imenielemea. Kofia nimezipokea zote. Nakurejeshea kumi na moja, usikasirike. Baadhi nyuzi zimekazwa mpaka kitambaa kimejikunja, nyengine vitundu vya nakshi havilingani. Moja ndiyo iliyonishtua: ukingo umekwenda upande, kama aliyeshona alikuwa akisinzia. Mwambie mwenyewe aufumue wote aanze upya. Jina lililoandikwa juu ya mlango ni langu, mama. Mtu akiona kofia mbovu hatasema Msuka, atasema Khairat.

Kuhusu macho, nakuja. Nimalize tu kazi hii ya Bwana Masoud, iwe safi, nije nikuchukue mwenyewe. Wiki mbili, inshaallah.

Mwanao,
Khairat


Msuka, 30 Januari 2025

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Hali yetu ni njema, nasi twakuombea wewe.

Kofia zimefika, na kila mmoja amepewa yake. Shamima amerudia duara zima la juu. Wawili wamesema hawashoni tena. Wamenambia, "Bi Mwanamize, mwanao anatafuta kofia ya peponi." Nikacheka nao, nitafanyaje?

Ile ya ukingo uliokwenda upande ni yangu. Sikusinzia. Nilishona kwa kupapasa, nikadhani iko sawa. Nimeufumua kama ulivyosema, lakini kuanza upya nimeshindwa. Uzi hauingii kwenye sindano.

Mwanangu, mpe yule bwana kofia zake. Watu wanataka kuvaa waende harusini. Kitundu kimoja kikiwa kikubwa, nani atakiona kichwani kwa mtu? Nawe uje. Siku hizi kila nikipita mlangoni najigonga bega.

Mamako,
Mwanamize


Madungu, 2 Machi 2025

Mama,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Unisamehe nimechelewa kujibu.

Harusi ya Bwana Masoud imepita. Alikuja dukani mara nne. Mara ya mwisho nilikuwa nazo kofia tayari, nikamwambia asubiri siku tatu tu, kuna kingo nataka kuzirudia. Alinitazama, akasema, "Dada, harusi ni kesho." Akaenda zake sokoni akanunua za mashine.

Sikujua kama ile kofia ni yako. Ningejua nisingeandika vile. Sasa zote nazirudia kwa mkono wangu, nataka ziuzwe Idd bila mtu kuzitia kasoro. Mlango wa duka naufunga nikiwa kazini, nisisumbuliwe. Idd ikipita, jambo la kwanza ni wewe. Nakuapia.

Mwanao,
Khairat


Msuka, 14 Aprili 2025

Mwanangu Khairat,

Assalaam alaykum. Utaona mwandiko si wangu. Anaandika Shamima, mie nasema. Idd tulikula salama. Tulikungojea, kisha tukajua umeshikwa na kazi.

Alhamisi iliyopita Shamima alinipeleka hospitali Chake. Daktari amesema ni presha ya macho. La kushoto limekwisha. La kulia limebaki kama tundu la ufunguo, nalo litaziba. Amenipa dawa ya matone. Nikamuuliza, "Ningekuja Januari je?" Akasema, "Mama, tusitazame nyuma." Mtu mwema sana. Usilie, mwanangu. Ni majaaliwa.

Mamako,
Mwanamize

Khairat, haya naandika mie Shamima, na mamako sikumsomea. Tulipotoka hospitali alitaka tupite dukani kwako. Alisema, "Nimtazame uso kabla hili jengine halijafunga." Nikagonga mlango. Hukufungua. Ulijibu kwa ndani, "Hakuna kilicho tayari, rudini wiki ijayo!" Nilitaka kukuita, mamako akanishika mkono. "Mwache, ana kazi." Tukapanda gari.


Madungu, 6 Julai 2025

Mama,

Shikamoo. Najua anayekusomea ni Shamima, nami sina tena la kumficha.

Nilipokuwa kwako nilishindwa kukwambia hili. Barua yako ya Aprili nilikaa nayo hadi Juni sijaifungua. Nilidhani unaniuliza nakuja lini, na sikuwa na jibu zuri, nikasema nitaifungua nikishamaliza kazi. Nilipoifungua nilitoka na kanga niliyojifunga, nikaja. Ukanipokea kwa furaha. Uliitazama nguzo ya baraza ukidhani ndipo niliposimama. Siku tisa nimekaa kwako, umenilisha kama mtoto, wala habari ya mlango wangu hukuitaja.

Duka nimelifungua. Siku ya kwanza aliingia bwana mmoja, akachukua kofia niliyokuwa nimeiweka nyuma kwa aibu. Akaivaa, akajitazama kwenye kioo, akasema, "Hii." Akalipa, akaenda zake. Hakutazama hata uzi mmoja. Nilikaa chini nikalia. Wiki hii zimetoka tisa, kila moja na kasoro yake, na hakuna aliyerudi kulalamika. Ilikuwa rahisi hivyo, mama. Hilo ndilo linaloniua. Ilikuwa rahisi hivyo tangu Januari.

Niseme, mama. Nitukane hata neno moja.

Mwanao,
Khairat


Msuka, 15 Julai 2025

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Mie mzima, alhamdulillahi. Nyumba nimeanza kuijua kwa mikono, isipokuwa jikoni, bado najiunguza. Wale wawili waliosema hawashoni tena wamerudi kushona baada ya wewe kwenda kuwaomba radhi. Nami nakaa nao, nawakatia nyuzi.

Shamima ameniungamia alichokwandikia chini ya barua yangu. Nilimgombeza kidogo, kisha tukarudi kwenye nyuzi zetu.

Wataka nikuseme. Sina la kukusema, na nikilitafuta silipati. Shona, ukimaliza toa, upumzike. Na uje Ijumaa, tule pamoja.

Ila nami nina langu, nalo nakwambia mbele ya Shamima. Siku ile mlangoni kwako bado nilikuwa naona kidogo, kiasi cha uso wa mtu. Nilipoisikia sauti yako nilitaka sana kukuona. Nikajiambia nisikukatize kazi. Hapo nilikosea, mwanangu. Ningegonga tena.

Mamako,
Mwanamize