Ulimi Wangu Umekufa, Furu ya Generose Imezimika

Mama Blandine wa redio,

Minye sikuandikii kwa kuomba huruma, huruma yenyewe siipendi, nakuandikia kwa sababu kuna neno limenikaa kooni tangu Jumapili na sina muntu wa kumwambia, na kama leo naomba musaada ujue ni mara ya kwanza tangu nizaliwe. Nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa primeri tu, kisha baba akanitoa nikalime mupunga Kiringye, kwa hiyo maandiko yangu usiyacheke. Na jina langu usilitaje.

Hapa Kimanga watu wananijua kwa ulimi. Si ulimi wa kusengenya, ni ule wa kuonja. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi sisi wamama wa shirika tunafunika vyungu vyetu, tukitoka misa tunaenda kula nje, mwezi huu kwa huyu, mwezi ule kwa yule, na sahani ikifika mezani hakuna mukono unaoingia mbele ya wangu. Wananiita Koko kwa sababu ya uzee, wanasema, "Koko, onja." Naonja. Nikisema kuleni, wanakula. Nikisema rudisheni, inarudi, na mupishi anatoka mwenyewe na taulo begani kuuliza amekosa nini. Mujukuu wangu Noella akaanza kunishika sauti mu telefone yake na kuitupa mu magrupe ya WhatsApp, na watu toka Kavimvira mpaka Kalundu wakawa wanangoja Koko amesema nini mbele ya kuchagua pa kula.

Na minye nilisema, mwaka huu zaidi. Ile restora yenye nguo nyeupe mezani, nilisema nguo yao iko safi kuliko sombe yao, yale majani ya muhogo. Yule wa karibu na bandari anayechoma mukeke, nilisema samaki wake amekufa mara mbili, mara ya kwanza ziwani, mara ya pili mukononi mwake. Wale wa muziki mukubwa, nilisema wanaufungulia ili usisikie meno yako yakigonga muchanga. Yule dada wa bitumbura, maandazi yetu ya hapa, kwenye kona ya shule tu njo nilimupa sifa, nikasema mafuta yake ni ya leo, si ya mwaka jana. Watu walicheka. Minye pia nilicheka, nilipenda sana watu wacheke hivyo, naandika ukweli.

Sasa Generose. Ni mujane aliyetoka Nyakabere, ana bulanjeri ndogo ya mukate hapa mutaani, na furu ya matofali ya kuokea, na harufu ya mukate wake njo ilikuwa inatuamsha kila asubuhi. Mwaka ule mto ulipoingia mu manyumba, sisi tukalala shuleni na watoto, yule mwanamuke alikuja kila siku na beseni la mukate kichwani, hakuuliza nani ni nani, akaliweka kwenye meza ya mwalimu akarudi. Nilikula mukate ule. Basi mwezi wa tatu mwaka huu tulienda kunywa chai kwake, nikatia mukate mudomoni, nikasikia ladha ya musumari, sawa na muntu anayelamba musumari wenye kutu, na Noella akiwa na telefone mukononi nikasema, "Mukate huu iko na musumari ndani. Generose ameanza kuchanganya kitu mu unga. Watoto wasile." Maneno hayo tu, lakini zilipita wiki mbili, wamama wanaobeba mabeseni ya kuuzisha wakaacha kupita kwake, wengine wakasema ni dawa ya kufurisha mukate, wengine wakasema ni chuma, wengine wakaongeza yao.

Generose akaja kwangu. Hakuja na hasira, hasira ningeiweza. Alikuja na mukate wa moto ndani ya kitambaa.

"Koko, nimebadilisha unga. Onja."

Nikaonja. "Bado."

Siku ya tatu akarudi. "Nimebadilisha levire ya kufurisha, Koko, na maji nimechota kwingine."

"Bado, mutoto wangu. Musumari iko palepale."

Mara ya mwisho hakuingia, alisimama mulangoni na kitambaa chake. "Koko, niambie kinatoka wapi hicho kitu, nikitoe. Hata kama kinatoka mu mikono yangu." Na minye nilimwambia aende akajifunze upya kukanda. Muntu aliyeoka mukate miaka makumi mbili, nilimwambia hivyo, na nilikuwa nimekaa kwenye kiti, sikusimama hata. Tangu siku ile hakurudi, na furu imepoa.

Jumapili iliyopita nilipika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, hapa nyumbani. Mwana wangu Basile alikula, akanywa maji kopo la kwanza, la pili, la tatu. Noella njo alisema, "Koko, ndagala hii ungepatia ng'ombe walambe." Nikamufokea, nikasema vijana wa leo wameharibiwa mudomo na sukari. Walipotoka nikaingia mu kikoni, nikafunga mulango, nikaweka chumvi kwenye ulimi. Musumari. Nikaweka sukari, musumari. Nikauma limau, musumari. Pilipili iliniunguza mpaka machozi yakatoka, lakini ladha yake sikuipata. Nikakaa juu ya ndoo. Nikarudi nyuma kwa mawazo, mwezi kwa mwezi, mpaka homa ya mwezi wa kwanza iliyonilaza wiki mbili, na nikaona kwamba tangu nilipotoka kitandani karibu kila chakula nimekikaripia, na minye nilifikiri ni muji unaosahau kupika. Yule samaki wa bandari labda alikuwa mutamu. Ile sombe labda ilikuwa sawa. Hata bitumbura vya yule dada nilivisifu kwa macho.

Mama Blandine, ulimi wangu umekufa, na hakuna ajuaye isipokuwa minye na weye. Nakula kwa sababu saa imefika. Na Jumatatu watu wanakuja kubomoa furu ya Generose, matofali amekwisha kuyauza, anarudi Nyakabere kulima kwa kaka yake. Nikisema ukweli nabaki na nini? Shule sina, mume sina, nyumba ni ya Basile, watu wananiwekea kiti kwa ajili ya huu ulimi tu, sina kingine. Nimefikiri hivi: nimuite Generose, nimwambie mukate wake sasa umepona, awashe furu, wamama nitawaambia wale, na hakuna muntu atakayeona haya. Si vizuri hivyo? Nijibu haraka, na usinijibu sawa na mupadri.

Minye, Koko wa Kimanga

*

Koko,

Jina lako sikulitaja, na majina mengine nimeyabadilisha. Haitakusaidia. Koko anayeonja, telefone ya mjukuu, mkate wa msumari: mtaa wako umekutambua kabla sijamaliza kusoma nusu ya barua hapa redioni. Na wewe si mtoto, ulijua itakuwa hivyo ulipoleta karatasi yako kwenye mlango wa redio. Basi nisikilize ukiwa unatafuta viatu, kwa sababu inafaa ufike kwa Generose kabla ya majirani wake.

Kwanza nakupa pole, na si pole ya mdomo. Mtu anayekula bila ladha amefiwa, na hakuna anayekuja kumkalia matanga. Kesho asubuhi Basile akupeleke kwenye kituo cha afya, uwaambie juu ya homa ile na kila dawa uliyomeza. Kuna ladha zinazorudi na kuna zisizorudi. Mimi si muganga, sitakuahidi.

Pole imeisha. Kusikia msumari halikuwa kosa lako, mdomo uliugua. Lakini "Generose ameanza kuchanganya kitu mu unga", hilo ulimi haukukuambia, Koko. Hilo ulilitoa kichwani, kwa sababu telefone ilikuwa inasikiliza na watu walikuwa tayari kucheka. Kisha yule mwanamke aliyewalisha shuleni alikuja kwako mara tatu, na mara zote tatu ulitafuta ubaya mkononi mwake, wala hata mara moja hukuutafuta mdomoni mwako. Alibadilisha unga uliokuwa mzuri. Alibadilisha levire iliyokuwa nzuri. Alikuwa anaharibu mkate wake ili akupendeze.

Na sasa unataka kumwambia "umepona". Yaani umsamehe Generose kosa lako wewe. Hapana. Atawasha furu, ndiyo, na kila asubuhi atakuwa anautafuta ule msumari mu unga mpaka atakapozeeka. Usimfanyie hivyo.

Usiende na chupa ya bia ya kuombea radhi, wala usiende mikono mitupu. Nenda na mzigo wa kuni, za furu. Noella aubebe, ni telefone yake iliyobeba yale mengine, lakini asiseme neno, aliyesema ni wewe. Usingoje kukaribishwa. Sema hapo hapo mlangoni, ukiwa umesimama safari hii: "Mkate wako haukuwa na kitu. Ulimi wangu ndio mbaya, tangu mwezi wa kwanza." Homa yako na haya yako usivitangulize, asije akaanza yeye kukutuliza wewe. Kisha Noella atoe ile telefone, useme tena, kwa sauti ile ile, mu magrupe yale yale, na yule wa mukeke na wale wa sombe usiwasahau. Watacheka. Wakicheka, nyamaza, wale uliowasema walinyamaza pia.

Unaniuliza utabaki na nini. Sijui, Koko. Labda utabaki mwanamke mzee anayekula anachopewa, kama sisi wengine. Wamama wako wakisema "onja", waambie waanze wao.

Na sikufichi, labda hatafungua. Labda atafungua, atasikiliza yote, na Jumatatu matofali yataondoka hata hivyo, kwa sababu mtu anaweza kuchoka. Hapo utaziacha kuni mlangoni na utarudi nyumbani kwa miguu, na itakuwa haki. Uende tu.

Lakini akifungua, na akiwasha, na akikuletea mkate ndani ya kile kitambaa, keti uule wote, na ule msumari wako uumeze kimya. Akikuuliza mkate uko namna gani, mwambie hujui.

Mama Blandine