Funga ya Hospitali

Likoni, Mombasa
12 Agosti 1962

Mpendwa mjukuu wangu Ishaka,

Asalaam alaykum. Umekaa Nakuru mpaka njia ya kwenu imeota majani. Idi mbili zimepita hatujauona uso wako. Reli unayoifanyia kazi si ndiyo hii inayofika Mombasa, au huko inakwenda upande mmoja tu? Haya, u hali gani? Kifua kimepona? Mkeo Dhahabu na watoto hawajambo? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yenye maneno. Anayeniandikia ni Kuluthum wa jirani, nami nimemkataza kunipunguzia ukali.

Sasa kaa kitako. Babu yako nusura tumzike.

Ile ngiri yake unaijua. Mwezi uliopita ilivimba hata msikitini akawa haendi. Nikamvusha kwa feri, nikampeleka hospitali. Daktari akasema atapasuliwa asubuhi na jioni arudi nyumbani, maana vitanda havitoshi, na mzee akilazwa sana kifua huharibika. Moyo wangu ulikataa. Mtu wa umri ule apasuliwe, kisha jioni apande feri? Lakini nikakubali. Nesi wao, Florence, mtoto wa bara mwenye adabu, akatuambia, "Mleteni Alhamisi, awe amefunga."

Alhamisi ni siku ya sunna. Babu yako akafurahi, akasema kama ni kufunga basi apate na thawabu. Akatia niya kabisa. Nami nikamwandalia daku la mtu anayekwenda kwenye kisu: wali wa nazi, mchuzi wa papa, chai ya maziwa. Akala akashiba, ndipo akafunga.

Tulipofika Florence akaniuliza, "Mzee amefunga?"

"Amefunga," nikasema, na wallahi sikusema uongo.

Wakamwingiza. Nikakaa kwenye benchi na tasbihi yangu. Mara mlango ukafunguka, mmoja anakimbia na beseni, mwingine anamwita daktari wa pili, wala hakuna anayenitazama usoni. Kumbe dawa ya usingizi ilipomshika, tumbo lilirudisha kila kitu, kikamwingia kwenye pumzi. Hata kumpasua hawakumpasua. Ilikuwa kazi ya kumrudisha duniani.

Florence akanijia. "Bibi, si nilisema afunge?"

"Na amefunga, mwanangu. Tangu adhana hajagusa hata maji."

"Na kabla ya adhana?"

"Kabla ya adhana amekula daku. Kwenu mnafunga bila daku?"

Maskini, alikaa chini palepale. Sikumlaumu, naye hakunilaumu. Kila mtu alisema neno lake.

Babu yako alipofumbua macho aliuliza kwanza kama funga yake imebatilika. Nikamwambia ilibaki kidogo abatilike yeye.

Wakamweka mpaka kifua kikatulia, sasa yuko nyumbani, na ngiri yake iko palepale. Daktari anataka kujaribu tena, safari hii kwa sindano ya ganzi mgongoni, akiwa macho. Atamruhusu jioni ileile ikiwa nyumbani kuna mtu mwenye nguvu wa kumwangalia na kumrudisha mbio hali ikigeuka. Mimi siwezi kumbeba. Na ametuonya: ngiri ikikwama nje, hatutawahi hata kuvuka.

Jana ilitoka ikakawia kurudi. Nilimlaza, nikaikanda kwa mafuta ya nazi huku namsomea, jasho linamtoka kama maji. Ilirudi. Lakini hata baada ya hayo hataki kusikia hospitali. Anasema Mungu kamrudisha mara moja, hambishii hodi tena. Imamu kaja kusema naye, kaambulia kahawa tu.

Umebaki wewe, na si kwa akili zako. Umechukua jina la babake babu yako, na tangu ulipozaliwa yeye hukuita wewe baba. Mtu habishani na babake.

Nisalimie Dhahabu, nibusie watoto mmoja mmoja. Kuluthum na mamake wanakusalimu. Mungu akufungulie njia, akufikishe tungali wawili.

Omba ruhusa, upande gari la moshi la wiki hii. Ukiingia, kula kwanza, mwache akuulize habari za Nakuru. Kisha simama mlangoni. Usimwite babu. Mwite Boga, jina lake la utotoni, kama babake angalimwita, umwambie avae kanzu mwende.

Nikupendaye hata nikikukaripia,
Bibi yako, Mwanatatu